Samaki wa Tangi la Tatu

Nchi ya Tushibe hamuijui, na atakayedhani anaijua atakuwa ameichanganya na nchi nyingine, kosa ambalo hutokea. Haimo kwenye ramani zinazouzwa madukani. Ukitaka kufika huko, endelea na safari mpaka uone picha ya Rais akiwa ameshika kijiko, kisha uone nyingine kama hiyo, na nyingine tena, mpaka picha ziwe nyingi kuliko nyumba. Hapo ujue umefika.

Tushibe ni nchi iliyokwisha kufuta njaa. Haikuifuta kwa jembe, maana jembe linachosha. Iliifuta kwa sheria. Wabunge walikutana baada ya chakula cha mchana, wakausoma muswada, wakaulizana kama kuna yeyote kati yao anayehisi njaa, na kwa kuwa hakuna aliyehisi, njaa ikafutwa kwa kauli moja. Tangu siku hiyo neno lenyewe haliruhusiwi kinywani mwa mtumishi wa serikali. Mtu ambaye hajala tangu juzi huitwa mwananchi mwenye nafasi tumboni. Ni lugha ya adabu zaidi, na hata mwenye nafasi mwenyewe akiisikia hujiona kumbe naye ana kitu.

Katika nchi hiyo njema aliishi Daktari Zuwena, mtafiti wa lishe na afya ya samaki wa kufugwa. Alikuwa mwanamke mwepesi wa kucheka na mwepesi zaidi wa kukasirika, na alifanya kazi katika Kituo cha Taifa cha Utafiti wa Samaki, jengo zuri la ghorofa lenye ofisi nyingi, kumbi za mikutano, msikiti, kanisa, mkahawa, na nyuma kabisa, karibu na choo cha walinzi, matangi matatu ya samaki.

Matangi hayo yalikuwa roho yake. Katika kila tangi aliweka perege wa umri mmoja. Wa tangi la kwanza walikula chakula cha kununua, kilichosagwa na dagaa, kitamu na ghali. Wa tangi la pili walikula funza aliowafuga mwenyewe kwa taka za sokoni. Wa tangi la tatu walikula pumba za mahindi peke yake, kwa sababu hicho ndicho chakula ambacho wafugaji wa vijijini huwapa samaki wao. Hesabu ya Zuwena ilikuwa nyepesi. Kama wale wa funza wangewaacha mbali wale wa pumba, kila mwenye kidimbwi nchini angeweza kunenepesha samaki kwa taka za bure. Na ili ajue wamewaacha kwa kiasi gani, sharti wale wa pumba wabaki na pumba zao mpaka mwisho, bila kuongezewa hata punje.

Jaribio hilo lilikuwa la tatu. La kwanza liliisha siku ya maadhimisho ya kuzaliwa kwa Kituo, wageni walipokaangiwa matangi yote matatu. Walisema wale wa funza walikuwa watamu zaidi, na hayo ndiyo yaliyokuwa matokeo pekee ya utafiti. La pili lilikatika pamoja na umeme. Mkurugenzi, Profesa Mkondya, alikuwa amemwambia wazi kwamba hili likiharibika, matangi yatageuzwa bwawa la kuogelea la watoto wa menejimenti. Zaidi ya hapo, Zuwena alikuwa amempa neno lake Bi Sikudhani, mama wa kijiji cha Kwamgogo aliyemletea taka za sokoni kwa ajili ya funza, kwamba jaribio likiisha, wenye vidimbwi wa Kwamgogo ndio watakaokuwa wa kwanza kufundishwa. Bi Sikudhani alikuwa amekwisha kuchimba mahali pa kuwafugia funza.

Zilikuwa zimebaki wiki chache, mambo yakienda vizuri, wakati Waziri wa Shibe alipoamua kutembelea Kituo.

Mheshimiwa Sudi Matondwa hakuwa mtu wa kutembea peke yake. Alikuja na manaibu, makatibu, washauri, mshauri wa washauri, bendi, na kamera za televisheni ya taifa zilizokuwa zikirusha moja kwa moja. Kila alipofika alisimama na kutoa salamu ya nchi.

"Mmeshiba?"

"Tumeshiba, tumesaza!" waliitika wafanyakazi, hata wale waliokuwa hawajalipwa.

Akapelekwa kwenye matangi. Alipoinama juu ya tangi la kwanza, perege walibaki chini wametulia, hawakujishughulisha naye. La pili, vivyo hivyo.

"Samaki wenye nidhamu," alisema Mheshimiwa. "Wanaona serikali inapita, wanatulia. Hivi ndivyo nchi inavyojengwa."

Akainama juu ya tangi la tatu. Kivuli chake hakijatulia juu ya maji, perege wote wakapanda juu kwa kishindo, wakasukumana, wakapandana migongo, wakamkodolea macho Mheshimiwa na kufungua midomo na kufumba, kufungua na kufumba. Mmoja aliruka akamlowesha tai.

Bendi ilinyamaza. Mpiga kamera, kijana mpya kazini, badala ya kugeuzia kamera kwenye maua, alisogea karibu zaidi.

"Hawa wanasema nini?" aliuliza Mheshimiwa.

"Hawasemi kitu, Mheshimiwa," alijibu Zuwena. "Wakiona kivuli wanadhani wameletewa chakula. Wana nj..."

Profesa Mkondya alishikwa na kikohozi kikali ambacho hakuwa nacho asubuhi.

"Wana nafasi, Mheshimiwa," Zuwena alijirekebisha. "Nafasi kubwa."

"Mbele ya kamera?"

"Samaki hawaijui kamera, Mheshimiwa."

"Hawaijui, au wamefundishwa?" Mheshimiwa alifuta tai, akawageukia washauri wake, nao wakatikisa vichwa kwa masikitiko, maana hakuna aliyekuwa na uhakika jibu lilitakiwa liwe lipi. "Nimezunguka nchi hii yote. Nimepita vijijini, nimepita kando ya barabara, sijawahi kuona kiumbe akinifungulia mdomo. Leo nafunguliwa mdomo na kitoweo!"

Jioni hiyo nchi nzima ilikuwa imeshaona. Kwenye vijiwe vya kahawa watu hawakusema neno. Mmoja alifungua mdomo na kuufumba, wenzake wakaangua kicheko. Kufikia kesho yake wanafunzi wa chuo kikuu walikuwa wakisalimiana hivyo, na polisi walipata taabu sana, kwa sababu hakuna sheria inayomkataza mtu kupiga mwayo.

Basi iliundwa Tume ya Kuchunguza Chanzo cha Midomo Wazi katika Tangi la Tatu. Mwenyekiti alikuwa Jaji Mstaafu Kilumanga, mtu mnene, mpole, anayependa kufumba macho wakati wa ushahidi. Zuwena aliitwa mbele yake. Alikuwa ameazimia kusema ukweli wote kwa lugha nyepesi, kwa sababu alijua Tume ikiamua vibaya, jaribio ndilo limekwenda na maji.

"Daktari," alianza Jaji, "ni kweli kwamba uliwanyima chakula hawa wa tangi la tatu kwa makusudi?"

"Sikuwanyima, Mheshimiwa Jaji. Wanakula pumba, kama samaki wa wananchi."

"Na wale wengine?"

"Wanakula vizuri."

"Kwa nini wote wasile vizuri?"

"Nikiwapa wote chakula kizuri, sitajua kama kizuri ni kizuri. Lazima wawepo walio hafifu ili niwalinganishe."

Jaji alifumbua jicho moja. "Hebu rudia hapo."

"Bila ya walio hafifu, Mheshimiwa Jaji, hakuna anayeweza kuona jinsi walionenepa walivyonenepa."

Jaji alifumbua na la pili. Akatazama mlango kama umefungwa, akawaamuru waandishi watoke, kisha akainama mezani na kunong'ona.

"Binti, huo ni mpango wa maendeleo wa taifa. Ni siri kubwa. Nani amekuonyesha?"

Zuwena aliapa kwamba hajaonyeshwa na mtu, kwamba ndivyo sayansi inavyofanywa dunia nzima. Jaji akashusha pumzi. Kama dunia nzima inafanya hivyo, alisema, basi hakuna kesi. Ila kilichobaki ni ile aibu ya kwenye televisheni, na aibu ya televisheni dawa yake ni televisheni. Ndipo Tume ikaamua kwamba samaki wa tangi la tatu washibishwe mara moja, hadharani, na viongozi wenyewe kwa mikono yao.

Zuwena alikimbilia ofisini kwa Profesa Mkondya.

"Profesa, nakuomba. Wiki chache tu! Wakilishwa sasa, kazi yote imekufa."

Profesa alikuwa akichagua tai ya kuvaa kwenye uzinduzi. Hakuwa mtu mbaya. Zamani naye alikuwa na matangi yake, na aliyapenda, mpaka alipopewa kiti kinachozunguka.

"Zuwena, mwanangu," alisema, "mimi nimebakiza mwaka mmoja nistaafu. Unataka nistaafu wiki hii kwa sababu ya perege?"

"Basi wapeni kidogo."

"Kidogo? Serikali haitoi kidogo ikiwa kamera zipo."

Hivyo ndivyo ilivyoanza Operesheni Tangi la Tatu. Mahema yalipigwa kwenye bustani, bendi ikarudi, na utaratibu wa itifaki ukatangazwa. Waziri alitupa chakula viganja viwili vilivyojaa. Naibu wake alitupa viganja viwili visivyojaa. Katibu mkuu alitupa kiganja kimoja, wakurugenzi nusu kiganja, wakuu wa idara walitupa kwa ncha za vidole, na wale wa vyeo vya chini kabisa waliruhusiwa kunyoosha mkono kuonyesha kwamba wangetupa. Siku ya pili ilikuwa zamu ya Wizara ya Fedha. Ikaja ya Ulinzi, ambayo ilitupa kwa mpigo mmoja kama inarusha makombora. Ikaja ya Utamaduni, ikatupa huku inacheza ngoma. Mabalozi walitupa. Wake wa viongozi walitupa, na baada yao chama cha wake wa zamani wa viongozi, ambao walikuwa wengi zaidi.

Siku ya kwanza perege walikula kama wamechanganyikiwa. Siku ya pili walikula kwa heshima. Siku ya tatu waliacha kupanda juu, wakalala chini na matumbo yao, na chakula kikawa kinashuka taratibu na kuwafunika. Kamera zikaonyesha maji matulivu, na mtangazaji akasema kwa sauti ya kutetemeka kwamba utulivu umerejea.

Chini ya utulivu huo chakula kilikuwa kinaoza. Maji yaligeuka rangi ya uji, kisha rangi ya supu ya jana, yakatoa povu na harufu. Zuwena, aliyekuwa amezuiwa kusogelea tangi isipokuwa kushika sahani ya chakula cha wageni, alichota maji kwa kikombe cha chai akayapima. Hewa ilikuwa imekwisha. Chakula kinachooza hula hewa iliyomo ndani ya maji, na samaki hubaki bila pumzi. Hilo aliwahi kulifundisha darasani, na Profesa Mkondya ndiye aliyewahi kumfundisha yeye.

Alisahau jaribio. Nasema kwa hakika kwamba alilisahau kabisa. Aliwaonea huruma tu. Alikuwa amewahesabu tangu wakiwa wadogo kama kucha.

"Profesa, tubadilishe maji. Leo hii. Watakufa."

"Yale siyo maji tena," alisema Profesa, na sauti yake ilikuwa ya huzuni. "Mle ndani mna mkono wa Waziri, mkono wa Naibu, mikono ya mabalozi. Ile ni hisani ya serikali. Ukiimwaga, utaulizwa ulikuwa unaimwaga kwa niaba ya nani."

"Nitasema kwa niaba ya samaki."

"Samaki hawajasajiliwa."

Zuwena akapiga moyo konde. Ilipofika saa ya chakula cha mchana, viongozi wakiwa ndani ya mahema mbele ya kuku na pilau, alikwenda nyuma ya tangi akafungua valvu ya kutolea maji kwa nguvu zake zote. Kwa bahati mbaya fundi aliyejenga mtaro alikuwa ndugu wa mtu fulani, na mtaro ule, badala ya kuteremka kwenda bondeni, uliteremka kwenda bustanini. Hisani yote ilitoka kwa kasi, ikapita chini ya mahema, ikaelea na povu lake kati ya viatu vya Wizara saba.

Kwanza walidhani ni pilau. Kisha walinyanyua miguu, wote kwa pamoja, wakabaki wameketi hivyo kwa muda, maana itifaki haikueleza nani ashushe wa kwanza.

Zuwena alikamatwa mkono ungali kwenye valvu. Valvu ikafungwa, na maji kidogo yaliyobaki yakaachwa palepale kama ushahidi. Jioni perege walipanda juu tena wakafungua midomo, safari hii wakitafuta pumzi. Televisheni ilirusha picha hizo na wimbo wa taifa juu yake, ikasema samaki wa tangi la tatu wanatoa shukrani. Asubuhi walikuwa wanaelea, matumbo juu, wanang'aa.

Wengine wangeona aibu. Mheshimiwa Matondwa aliitisha mkutano na waandishi.

"Wamekufa," alisema, "lakini wamekufa wameshiba! Nitajieni nchi nyingine yoyote ambayo wenye nafasi wake wamefikia kiwango hicho!"

Makofi yakapigwa. Siku ile ikatangazwa kuwa ya mapumziko, Jaji Kilumanga akapewa nishani, na Profesa Mkondya akaongezewa miaka miwili kazini. Zuwena naye hakufukuzwa, kwa sababu kumfukuza kungemaanisha kwamba kuna kitu kiliharibika. Aliambiwa tu amalizie utafiti wake aukabidhi.

Aumalizie na nini? Alikaa nje ya geti la Kituo, juu ya jiwe, akashika tama. Ndani alikuwa na perege wanene wa dagaa na perege wanene wa funza, wazuri ajabu, na hakuwa na chochote cha kuwalinganisha nao. Machozi yalimtoka, na aliyaacha yatoke.

Hapo ndipo Bi Sikudhani alipomkuta, kapu la maganda na nyanya mbovu kichwani.

"Shikamoo, Bi Sikudhani."

"Marahaba, mwanangu. Nani kafa?"

"Samaki wangu wa pumba."

Bi Sikudhani alitua kapu, akakaa naye juu ya jiwe, akasikiliza yote mpaka mwisho. Hadithi ilipofika pale pa Wizara saba kunyanyua miguu, alicheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya khanga, na Zuwena akajikuta anacheka pia.

"Sasa hao wa pumba ndio wa kukuliza?" alisema Bi Sikudhani. "Vifaranga vyetu si mlitugawia siku ile ile mliyojaza matangi yenu? Kwamgogo vidimbwi vyote vimejaa hao hao. Njoo uwapime kwetu."

Zuwena aliruka kutoka kwenye jiwe. Umri mmoja, mbegu moja, chakula kimoja! Kumbe tangi la tatu halikufa. Lilikuwa limetapakaa nchi nzima, na hakuna waziri ambaye angewahi kulifikia. Alirudi ndani mbio, akachukua mizani, nyavu na vifuko vya sampuli.

"Na pumba mnawapa kila siku?" aliuliza wakati wanatafuta bodaboda.

"Tulianza na pumba, ndiyo," alisema Bi Sikudhani, akijitwika kapu upya.

Kwamgogo walimpokea vizuri. Majirani walikuja na nyavu zao, wakaingia majini wamekunja nguo, wakacheka na kusukumana, na samaki wakaanza kuletwa. Zuwena aliweka wa kwanza kwenye mizani. Akaangalia. Akamtoa, akaikung'uta mizani, akamweka tena. Alileta wa kidimbwi kingine, na kingine. Walikuwa wembamba hata kuliko wale wake kabla ya Operesheni, vichwa vikubwa, migongo kama wembe. Samaki wa pumba hakondi kiasi hicho. Pumba si chakula kizuri, lakini ni chakula.

Alisimama na samaki mkononi, furaha yote ya safari ikimpungua. Halafu akili ya kitafiti ikamjia, nayo ina jibu kwa kila kitu: bila shaka pumba za huku ni duni kuliko za mjini. Akatoa kifuko safi.

"Bi Sikudhani, lazima nichukue sampuli ya pumba zenu. Naomba kiasi kidogo tu, nikapime zina nini."

Majirani waliacha kucheka. Mmoja aliinama akaanza kukunja wavu ambao tayari ulikuwa umekunjwa. Bi Sikudhani alimtazama mgeni wake bila hasira, akamshika mkono akampeleka nyuma ya nyumba, jikoni.

Sufuria ilikuwa juu ya mafiga. Akafunua mfuniko. Ugali uliokuwa ndani ulikuwa wa rangi ya kahawia, mzito, wa maganda ya mahindi matupu, na Zuwena, ambaye alikuwa amepima pumba kila asubuhi kwa miezi mingi, hakuhitaji kuambiwa kitu.

"Sampuli ndiyo hiyo, mwanangu," alisema Bi Sikudhani, akimpa mwiko. "Chota. Ila usichote nyingi, watoto hawajala."